Treni za Mtaliano: Tupange Bei Gani?



Mama anayepika mahamri hapa kwetu hahitaji semina ya bei. Anajua unga umemgharimu ngapi, mafuta ngapi, kuni ngapi. Anajua pia jasho lake la alfajiri, ingawa hilo wengi husahau kuliandika. Wachonga vinyago wa Malindi ni vile vile: gogo, siku za kuchonga, msasa, rangi ya viatu, halafu faida kidogo juu. Kitu ulichokitengeneza mwenyewe, bei yake ina pa kuanzia.

Taabu huja kikundi kinapopata kitu ambacho hakikukitengeneza, hakikukinunua, na hakijui ni cha nini. Hapo utasikia mmoja anasema mia tano, mwingine anasema laki tano, na wote wawili wanabahatisha. Somo letu la leo ni juu ya jambo hili. Tumelichukua kutoka kwa kikundi kimoja cha upande wa Msabaha, kwa ruhusa yao. Majina tumeyaacha.

Mzee mmoja wa kikundi hicho alikuwa mlinzi na mtunza bustani wa nyumba ya Mtaliano huko Casuarina, Malindi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi wenu mnajua habari za nyumba hizi. Wataliano walianza kuja kwetu miaka ya 1960, wakati mradi wao wa San Marco ulipoanza kurusha setilaiti kutoka Ngomeni, halafu wakaja wa mahoteli, halafu wazee wa kustaafu. Sasa wazee hao wanazeeka zaidi. Wengine wanarudi kwao kutibiwa na hawarudi tena, na nyumba inauzwa na vyote vilivyomo. Huyu wa kwetu alifariki huko kwao. Watoto wake walikuja kwa wiki moja, wakauza nyumba, wakamwambia mzee: vilivyomo stoo chukua, ni ahsante yako.

Ndani ya stoo mlikuwa na viti vibovu, pasi, vyungu, na masanduku manne ya treni ndogo za mfano. Vichwa vya treni 9, mabehewa 27, vinyumba vya stesheni, na gunia la reli fupi fupi. Mzee aliwahi kumwona bosi wake akizipanga juu ya meza usiku na kuziendesha kwa umeme. Bosi alikuwa akimwambia, "Hii ni mali nyingi sana." Neno hilo mzee hakulisahau. Ndiyo maana alipokuja mnunuzi wa vyombo vikuukuu na kutoa shilingi 6,000 kwa yote, mzee alimfukuza. Akaleta masanduku kwenye kikundi na kusema: niuzieni, lakini si chini ya laki tano.

Hapo ndipo tulipoitwa.

Kitu cha kwanza tulichouliza si bei. Tuliuliza: karatasi iko wapi? Mtu aliyefanya kazi nyumba ya watu, akionekana anauza vitu vya nyumba ile, hata awe mwaminifu namna gani, ataulizwa. Mzee hakuwa na karatasi yoyote. Bahati nzuri wakili aliyeshughulikia uuzaji wa nyumba yuko hapa hapa mjini, naye aliwaandikia wale watoto. Baada ya siku kumi ikaja barua yenye sahihi: vitu vya stoo ni vya fulani, amepewa. Kikundi kikatoa nakala tatu. Bila barua hiyo tusingegusa sanduku.

Tulisema na jambo la pili, ingawa halikuwapendeza wote. Zawadi si kiinua mgongo. Haki za mfanyakazi anapoachishwa kazi zimeandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nazo hazilipwi kwa treni za kuchezea. Tulimpeleka mzee kwa afisa wa kazi, na faili lake lilifunguliwa huko kando. Basi tukarudi kwenye masanduku.

Kwa nini mtu mzima atake kununua treni ya kuchezea? Akina mama walicheka sana swali hili. Lakini ni lazima lijibiwe, maana usipomjua mnunuzi huwezi kuijua bei. Malindi haijawahi kupitiwa na reli, kwa hiyo kwetu treni ni safari ya Mombasa kwanza. Huko Ulaya watoto wengi walikua karibu na stesheni, na waliokuwa wadogo miaka ya 1950 na 1960 walizawadiwa treni hizi. Wakiwa wazee wanazitafuta tena, hasa ile waliyoikosa. Wao hawaiti mchezo. Wanajua kila kichwa cha treni kilitengenezwa mwaka gani, kwa rangi gani. Sisi tunamjua mtu anayeweza kutofautisha ng'ombe arobaini kwa sura. Ni hivyo hivyo.

Zingatieni pia upande wa pili. Wazee hao wanapofariki, mikusanyiko yao inaingia sokoni kwa wingi, na vijana wa huko wanaoitaka ni wachache. Kitu kikiwa kingi na wanunuzi wakipungua, mnajua wenyewe kinachotokea kwa bei ya maembe mwezi wa maembe. Maneno ya bosi, "mali nyingi sana", yawezekana yalikuwa kweli siku alipoyasema. Pia watu hupenda kukumbuka walichotoa dukani, si watakachopewa wakiuza.

Sasa kazi yenyewe. Tulitandika mkeka na shuka safi, tukachukua daftari, na kila kitu kikapewa namba. Usiseme "treni moja nyeusi". Geuza chini usome. Huko ndiko jina la kiwanda liliko. Tulikuta Rivarossi, Lima, na vipande vichache vya Märklin.

Rivarossi ni kiwanda cha Como, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1945. Vichwa vyao vya zamani vinatafutwa. Lima ni Wataliano pia, wa Vicenza, lakini wao walitengeneza vya bei nafuu na kwa wingi mno, kwa hiyo vingi bado vimejaa kila mahali na haviuzwi ghali. Mwaka 2004 majina yote mawili yalinunuliwa na Hornby wa Uingereza. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, kwa sababu jina lile lile liko kwenye mali ya zamani na mali mpya. Angalia pia kilipotengenezwa, na namba iliyopigwa chini. Märklin ni Wajerumani, nao wana njia yao: katikati ya reli zao kuna vinundu vidogo vya kupitisha umeme, na chini ya kichwa cha treni kuna ulimi wa chuma unaovigusa. Kichwa cha Märklin hakitembei kwenye reli za Rivarossi. Mtu akikuuzia seti iliyochanganywa hivyo amekuuzia ugomvi.

Halafu pima. Rula ya mtoto wa shule inatosha. Reli za SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, zimeachana kwa milimita 1,435. Hicho ndicho kipimo cha reli nyingi za Ulaya. Gawanya kwa 87, unapata kama milimita 16 na nusu. Ukikuta reli ndogo zimeachana hivyo, basi umeshika kipimo kinachoitwa HO, ndicho kinachopendwa zaidi. Zikiachana milimita 9, ni kipimo cha N. Zikiachana 32, ni kile kikubwa cha O. Waingereza wana chao, OO, ambacho hutembea kwenye reli za milimita 16 na nusu hizo hizo ijapokuwa treni ni kubwa kidogo, kwa hiyo usiache kusoma jina. (Reli ya zamani ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, upana wake ni mita moja. Kijana mmoja aliuliza kama kuna treni ndogo ya reli ile. Swali zuri, lakini katika masanduku yale haikuwemo.)

Hali ya kitu ndiyo inayobeba bei kuliko yote, na hapa kikundi kiliumia. Treni hizi zilikuwa ndani ya maboksi yake ya karatasi, kila moja na lake, lenye namba. Kabla hatujafika, maboksi kumi na manne yalikuwa yamewashia jiko. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Karatasi kavu ni karatasi kavu. Lakini kwa mkusanyaji, kichwa cha treni kilicho ndani ya boksi lake na kile kisicho nalo ni vitu viwili tofauti. Dada aliyeyachoma alilia tulipoeleza. Tulimwambia hata sisi tusingejua kama tusingaliuliza.

Msafishe kwa brashi laini ya rangi, iliyo kavu. Msitie petroli, itayeyusha plastiki. Msisugue kwa msasa wala steelwool, na msipake rangi mpya. Mzee mmoja wa kikundi, fundi wa baiskeli, alikuwa tayari na kopo lake la rangi nyeusi. Mnunuzi wa vitu hivi anataka rangi ya kiwandani hata ikichubuka. Reli za chuma cha kawaida zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Tuliziandika hivyo hivyo: kutu. Vyuma vya ndani vya zamani navyo huweza kupasuka vyenyewe, kwa hiyo angalieni nyufa.

Kujua kama mota inafanya kazi, msichomeke kitu ukutani! Treni hizi hutumia umeme mdogo, volti 12 kwa zile za Rivarossi na Lima, na ukutani kwetu ni 240. Transfoma zilizokuwemo waya zake zilikuwa zimekatika ngozi, tukaziandika "haijajaribiwa" na kuziacha. Tulichukua betri ndogo ya volti 9 na vipande viwili vya waya, kimoja kikagusa magurudumu ya kulia na kingine ya kushoto. Vichwa vitano viliruka mkononi. Watoto waliokuwa mlangoni walipiga makofi. Viwili vilinguruma tu bila kuzunguka, na mara nyingi hiyo ni mafuta ya zamani yaliyoganda, si kifo. Viwili vilinyamaza kabisa. Vya Märklin hatukuvijaribu kwa betri, kwa kuwa njia yake ya umeme ni nyingine, lakini hivyo vyote vilikuwa mabehewa.

Kichwa kimoja cha Rivarossi, cha treni ya moshi, kilikuwa hakina kile kigari cha makaa kinachokifuata nyuma. Bila kigari hicho ni kama cherehani bila sindano. Tuliuliza, tukauliza. Siku ya tatu mjukuu wa mzee akakumbuka kwamba alikibadilisha kwa mpira na rafiki yake. Tulikikuta nyumba ya tatu, kimefungwa kamba, kinavutwa mchangani. Gurudumu moja lilikuwa limelegea. Kikundi kilimnunulia yule mtoto mpira mpya kwa shilingi 250, na hiyo ikawa biashara bora ya mradi mzima.

Kitu kingine kilichopatikana stoo hatukukipa namba. Nyuma ya viti kulikuwa na kigango kimoja, mti wa kuchongwa wa ukumbusho wa marehemu, kama mnavyojua nyinyi watu wa Kilifi kuliko sisi. Kijana mmoja alisema hicho ndicho chenye pesa. Ni kweli wazungu wamevinunua vigango kwa miaka mingi, na vingi viliibwa makaburini kwa watu. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani baada ya watafiti kugundua vilivyotoka. Wazee waliitwa pamoja na watu wa makumbusho, kikaenda nao. Barua ya wakili ilisema vitu vya stoo ni vya mzee, lakini Mtaliano hakuwa na uwezo wa kutoa kisichokuwa chake.

Sasa bei. Kijana mwenye simu nzuri alitumwa kutazama minada ya mtandaoni kama eBay. Saa moja baadaye akarudi anatetemeka: "Kuna moja kama hii, euro mia nne!" Tukamwuliza, imeuzwa au inauzwa? Hapo ndipo watu wengi hupotea. Bei iliyoandikwa ni tamaa ya muuzaji. Hata mimi naweza kuandika kuku wangu elfu kumi. Tafuteni vilivyokwisha kuuzwa, pesa ikalipwa.

Kwa mfano, tuseme kichwa kimoja kimeuzwa mara tano: euro 35, 40, 45, 50 na 120. Ile 120 pengine ilikuwa mpya ndani ya boksi, na ile 35 imevunjika. Zifuteni zote mbili. Ya katikati ni 45. Chetu hakina boksi na kulabu moja ya kuungia imekatika, kwa hiyo tuondoe theluthi, inabaki 30. Tukihesabu euro moja kwa shilingi 150 ili iwe rahisi, hiyo ni shilingi 4,500. Lakini hiyo ni bei ya mtu wa mwisho, yule atakayekipanga mezani kwake. Mfanyabiashara anayenunua ili auze tena ataka nusu yake, au chini, maana yeye ndiye atakayekaa nacho, na pengine miezi. Kwake ni 2,250. Anayesema hivyo si mwizi. Mwizi ni wa 6,000 kwa yote, na hata yeye labda hakujua alichokuwa anatazama.

Kwa njia hiyo daftari lilijaa. Vichwa viwili vizuri, kikiwemo kile kilichorudishiwa kigari, tulivipa 9,000 kila kimoja. Vitano vya kawaida 4,500. Viwili vilivyokufa 1,500, kwa ajili ya vipuri. Mabehewa 27 tuliyakadiria kwa wastani wa 1,200. Vinyumba na reli 6,000. Jumlisheni wenyewe: 18,000 na 22,500 na 3,000 na 32,400 na 6,000. Ni 81,900.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amekwisha kuitumia ile laki tano kichwani mwake, nyumba ya mabati na karo ya mjukuu. Hatukuwa na la kumfariji ila kumpa daftari alishike, na mwanawe akamsomea mstari kwa mstari. Mwisho alisema, "Basi bosi alinidanganya." Mama mmoja akamjibu, "Hapana baba, yeye alikuwa anazipenda." Tuliona jibu hilo lilizidi somo letu lote.

Ikabaki kuamua: moja moja au kwa jumla? Moja moja ingeleta karibu na 81,900, lakini wanunuzi wako Ulaya, na gharama ya kutuma vitu vizito kwa ndege ingekula faida. Tena wangechukua vile viwili vizuri na kutuachia gunia la kutu. Karo ilikuwa inadaiwa. Kikundi kikaamua kuuza kwa jumla, kwa mtu aliye hapa hapa pwani, na mtu wa jumla lazima apunguziwe. Asilimia 60 ya 81,900 ni 49,140. Wakapanga kuanza na 60,000 na wasishuke chini ya 45,000. Bei ya chini iliandikwa kwenye daftari na sahihi tatu, ya mzee ikiwa ya kwanza, ili mtu asiye na subira asije akaiteremsha peke yake siku ya mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa mstaafu Mtaliano wa Watamu, tuliyempata kupitia kwa mpishi wake. Alikuja na miwani ya kukuzia. Kila alipoonyesha kasoro, katibu alimfungulia ukurasa: tumekwisha kuiandika, na bei imeondolewa. Mara ya nne aliweka miwani chini, akacheka. Alianza na 40,000. Walimalizia kwa 52,000, pesa mkononi, na risiti iliyotaja namba za vitu vyote.

Gharama za nakala, tuktuk, simu na ule mpira zilikuwa 1,850. Ikabaki 50,150. Kikundi kilikubaliana tangu mwanzo kuchukua asilimia 10, yaani 5,015, na mzee akapata 45,135. Mweka hazina alitaka asilimia 20, kwa kuwa watu walikaa siku sita kwenye mkeka. Jambo hilo bado linazungumzwa. Faili la afisa wa kazi nalo halijafungwa.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Je, kuna kitu nyumbani kwa mmoja wenu, au kwenye stoo ya kikundi, ambacho hakuna anayejua bei yake? Kileteni mkutano ujao, mkigeuze chini msome.

Mtu wa mwisho wa kukitumia ni nani, anaishi wapi, na kumfikia kutagharimu ngapi?

Je, mweka hazina yule alikuwa na haki? Kikundi chenu kingechukua asilimia ngapi, na ni lini mngelikubaliana jambo hilo?

Ni vitu gani huku kwenu ambavyo mkivikuta kwenye stoo ya mtu hamtavipa namba?